Hati ya Milioni Tano: Bei, Kuponi na Kinachobaki Mkononi mwa Mtu wa Maparoni

Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani za miaka 25, zenye kuponi, yaani riba, ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, hatifungani mpya za muda huohuo zikatoka na kuponi ya asilimia 12.56. Mkopaji ni yuleyule, muda ni uleule, na ahadi ya kulipa ni ileile. Kilichopungua ni asilimia 3.39, na ndani ya pengo hilo ndimo lilimo karibu kila jambo ambalo mwekezaji mdogo anapaswa kulielewa kabla hajatoa fedha yake.

Tuchukue milioni tano. Ni fedha ambayo mfanyabiashara wa kaa wa Maparoni katika delta ya Rufiji, mwalimu wa shule ya msingi aliyemaliza mkopo wake, au mkulima wa Kibiti aliyelipwa korosho zake kwa mkupuo anaweza kuishika siku moja, na si rahisi aishike mara ya pili. Akiiweka kwenye hatifungani ya asilimia 15.95 kwa bei ya 100, atalipwa shilingi 797,500 kwa mwaka, kwa awamu mbili za 398,750 kila baada ya miezi sita. Ni malipo 50 katika miaka 25, jumla shilingi 19,937,500, na mwishoni anarudishiwa milioni tano zake. Mwenye hati ya asilimia 12.56 hupata 628,000 kwa mwaka, jumla 15,700,000. Kati yao kuna tofauti ya shilingi 4,237,500, karibu sawa na mtaji wote waliouanza nao.

Anayesikia hesabu hii hukimbilia asilimia kubwa, na hapo ndipo anapoteleza. Asilimia iliyoandikwa kwenye hati inaeleza Serikali italipa shilingi ngapi kwa mwaka. Haielezi wewe utapata faida gani, kwa sababu faida inategemea umelipa shilingi ngapi kuipata hati hiyo.

Bei ya hatifungani hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani ya hati. Bei ikiwa 100, unalipa milioni tano kwa hati ya milioni tano. Ikiwa 95, unalipa milioni nne na laki saba na nusu kwa hati ileile. Ikiwa 110, unalipa milioni tano na nusu. Kuponi haibadiliki kamwe: hati ya asilimia 15.95 italipa 797,500 kwa mwaka hata kama uliinunua kwa bei ya kutupa au kwa bei ya kuumiza.

Sasa fikiria aliyenunua hati ya asilimia 15.95 mwaka 2021 kwa bei ya 100. Mwaka mmoja unapita, kuponi mpya zinashuka, na tuseme soko linaridhika na faida ya asilimia 12.56. Hati yake imebakiza miaka 24 na inalipa zaidi ya hati mpya, kwa hiyo kila mtu anaitaka. Bei yake itapanda mpaka mnunuzi mpya asipate faida zaidi ya ile ya soko. Ukipiga hesabu ya malipo 48 yaliyobaki na mtaji wa mwisho, bei hiyo ni takriban 125.54. Hati ya milioni tano inauzika kwa shilingi 6,277,000, na mwenyewe ameshakula kuponi mbili.

Anayeinunua kwa bei hiyo anapokea 797,500 zilezile kwa mwaka. Kwake hizo si asilimia 15.95, ni asilimia 12.7 ya fedha aliyotoa. Tena hati ikiiva atarudishiwa milioni tano tu. Shilingi 1,277,000 alizolipa juu ya thamani ya hati hazirudi siku hiyo. Zilikuwa zikirudi kidogokidogo ndani ya kila kuponi. Faida yake kamili, ukijumlisha yote, ni asilimia 12.56. Mtu wa namna hii akila kuponi zote akidhani ni faida tupu, anakula na mtaji wake bila kujua.

Igeuze hesabu. Mwingine alinunua hati ya asilimia 12.56 mwaka 2022 kwa bei ya 100. Tuseme miaka miwili baadaye soko linadai asilimia 15.95. Hakuna atakayempa 100 kwa hati inayolipa kidogo kuliko mpya. Ikiwa imebakiza miaka 23, bei inayolingana na soko ni takriban 79.37. Milioni tano zake sokoni sasa ni shilingi 3,968,500. Serikali haijamnyima hata senti, kuponi zinaingia kwa tarehe zake, na bado mtu huyu akilazimika kuuza wiki hii anaacha sokoni zaidi ya milioni moja.

Lakini mtazame anayenunua kutoka kwake. Analipa 3,968,500, anapokea 628,000 kila mwaka, ambazo ni asilimia 15.8 ya fedha yake, na hati ikiiva anapata milioni tano, yaani 1,031,500 zaidi ya alichotoa. Faida yake kamili ni asilimia 15.95. Hati ya asilimia 12.56 kwa bei ya 79.37 na hati ya asilimia 15.95 kwa bei ya 100 zinampa mwekezaji faida ileile. Nimeliweka hili kwa tarakimu makusudi, kwa sababu maelezo ya maneno matupu yamewaacha watu wengi wakiamini kwamba hatifungani nzuri ni ile yenye kuponi kubwa.

Muda unazidisha mtikisiko huu. Mabadiliko yaleyale ya soko, kutoka asilimia 12.56 hadi 15.95, yangeishusha hati iliyobakiza miaka 23 hadi 79, iliyobakiza miaka mitano hadi takriban 89, na iliyobakiza miaka miwili hadi 94 hivi. Kadiri hati inavyokaribia kuiva ndivyo bei inavyorudi kuelekea 100, kwa kuwa siku ya mwisho Serikali hulipa thamani ya hati bila kujali soko linasema nini. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wa delta linahusu muda: fedha hii naweza kuiacha kwa miaka mingapi bila kuigusa? Boti ikivunjika, mtoto akifaulu kwenda chuo, mafuriko yakiingia mashambani kama yalivyoingia Rufiji na Kibiti Aprili 2024, utauza nini? Kama jibu ni hatifungani ya miaka 25, basi muda ulioandikwa kwenye hati si muda wako. Muda wako ni ule wa shida ijayo, na bei ya siku hiyo huijui.

Njia moja ya kuepuka kuuza kwa hasara ni kukopa: hatifungani za Serikali hukubalika kama dhamana ya mkopo benki. Ni msaada wa kweli, ila riba ya mkopo huo ipigwe hesabu dhidi ya hasara ya kuuza kabla ya kutia saini.

Kununua kwenyewe kuna milango miwili. Wa kwanza ni mnada wa Benki Kuu ya Tanzania, unaofanyika Jumatano kwa ratiba inayotangazwa mapema, na malipo hufanywa siku inayofuata. Kiwango cha chini ni shilingi milioni moja, na unaongeza kwa mafungu ya laki moja. Wenye fedha nyingi hutaja bei wanayoitaka na kushindana. Mwekezaji mdogo huomba bila kutaja bei na kupewa wastani wa bei za walioshinda. Utaratibu huu unamlinda, maana hahitaji kubahatisha dhidi ya benki na mifuko ya hifadhi ya jamii, ambazo kwa pamoja hushika zaidi ya nusu ya deni la ndani la Serikali. Lakini unamtaka aweke akiba ya ziada mkononi: wastani ukitoka 104, hati ya milioni tano itamgharimu 5,200,000.

Mlango wa pili ni Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako hatifungani zilizokwisha kutolewa huuzwa na kununuliwa kupitia madalali wenye leseni. Huku kuna gharama mbili zinazosahaulika. Moja ni ada ya dalali na ya soko, ambayo iulizwe kwa shilingi, si kwa asilimia. Nyingine ni kuponi iliyokwisha kuanza kukomaa. Ukinunua hati ya milioni tano ya asilimia 15.95 miezi mitatu baada ya kuponi ya mwisho, muuzaji anakudai nusu ya kuponi inayokuja, takriban 199,000, juu ya bei. Si wizi, utarudishiwa yote kuponi nzima ikiingia kwenye akaunti yako. Ila asiyeandaliwa huona bei imebadilika ghafla.

Kwa milango yote miwili unahitaji akaunti ya CDS (ile inayotunza hati zako kielektroniki), kitambulisho na akaunti ya benki, na hapa ndipo jiografia inapoingia kwenye hesabu ya faida. Maparoni ni kata ya delta, katikati ya mikoko, na mwendo wake huamuliwa na kujaa na kupwa kwa maji. Kwenda kushughulikia karatasi ni boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti mjini, na mara nyingine Dar es Salaam kabisa. Tuseme safari ya kwenda na kurudi, pamoja na chakula na malazi, inakula shilingi 60,000. Kwa mwenye hati ya milioni moja, anayepata kuponi ya 159,500 kwa mwaka, safari moja ni karibu asilimia 38 ya mapato ya mwaka mzima. Kwa mwenye milioni tano ni asilimia 7.5. Kwa mwenye milioni hamsini haifiki hata asilimia moja. Vitabu vya uwekezaji haviandiki gharama hii kwa sababu waandishi wake wanaishi karibu na benki.

Kenya walijaribu kuifuta gharama hiyo. Machi 2017 walizindua M-Akiba, hatifungani ya Serikali inayonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000 za Kenya, kwa kuponi ya asilimia 10 isiyokatwa kodi. Toleo la majaribio lilimalizika, lakini toleo kubwa la shilingi bilioni moja lililofuata mwaka huohuo liliuza takriban robo tu. Simu iliondoa nauli. Haikuwaeleza watu hati ni kitu gani, wala haikuwapa sababu ya kuiamini kuliko ng'ombe au kiwanja.

Kuna hesabu nyingine inayowaumiza wadogo kimyakimya, nayo ni ya riba juu ya riba. Utaambiwa kwamba kuponi ya asilimia 15.95 inayolipwa mara mbili kwa mwaka kwa kweli ni asilimia 16.59, ukiwekeza kila kuponi mara inapoingia. Ni kweli kwa mwenye fedha nyingi. Lakini mnada hauingiliki chini ya milioni moja. Mwenye hati ya milioni tano hupata 398,750 kila nusu mwaka, kwa hiyo anahitaji kuponi tatu, mwaka mmoja na nusu, ili aingie tena. Mwenye hati ya milioni moja hupata 79,750, na anahitaji kuponi 13, yaani miaka sita na nusu. Muda wote huo kuponi zinakaa kwenye akaunti ya akiba ambayo kwa miaka ya karibuni wastani wa riba yake nchini umekuwa chini ya asilimia 4. Ili kila kuponi moja itoshe kununua hati mpya kwa bei ya 100, unahitaji hati ya shilingi milioni 12.6. Chini ya hapo, yale majedwali ya kompyuta yanayoonyesha milioni tano zikigeuka mamia ya milioni hayakuhusu.

Dawa mojawapo ni kuungana. Kikundi cha akiba chenye usajili, katiba na akaunti ya benki kinaweza kumuuliza dalali jinsi ya kufungua akaunti ya CDS kwa jina la kikundi. Watu 26 wenye laki tano kila mmoja wana milioni 13. Nauli inagawanywa, kuponi inazidi milioni moja, na msafiri ni mmoja. Tatizo la kikundi ni mwanachama anayetaka kutoka mwaka wa tatu bei ikiwa 79. Hilo liandikwe kwenye katiba kabla fedha haijatoka: anayetoka analipwa kwa bei ya soko, au kwa thamani ya hati, au anasubiri? Kikundi kisichojibu swali hili mapema kitalijibu kwa ugomvi. Dawa ya pili ni mfuko wa pamoja kama ule wa hatifungani wa UTT AMIS, ulioanza mwaka 2019, unaopokea viwango vidogo na kuwekeza kuponi kwa niaba ya wote. Kwa mtu wa delta mwenye milioni moja tu, mimi ningeanzia huko au kwenye kikundi, si kwenye hati ya miaka 25 kwa jina lake mwenyewe.

Kodi nayo inabadilisha mpangilio. Faida ya dhamana za muda mfupi, zile za siku 35 hadi 364, na ya hatifungani za miaka miwili hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kuponi za miaka mitano na kuendelea zimekuwa na msamaha. Dhamana ya muda mfupi huanzia laki tano na huuzwa kwa bei pungufu. Ikiwa bei ya siku 364 ni 92, unalipa 460,000 na kupokea 500,000. Faida ya 40,000 inakatwa 4,000, zinabaki 36,000, sawa na asilimia 7.8 ya fedha uliyotoa. Ni ndogo, lakini ni fedha inayorudi ndani ya mwaka, kabla ya msimu mwingine wa korosho, na haikufungi na bei ya mnunuzi yeyote.

Halafu kuna mfumuko wa bei, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Mwaka 2024 mfumuko Tanzania ulikuwa karibu asilimia 3. Desemba 2011 ulifika asilimia 19.8, juu ya kuponi yoyote niliyoitaja humu. Hakuna anayeweza kuahidi wastani wa miaka 25. Tuseme asilimia 5. Milioni tano utakazorudishiwa mwishoni zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban shilingi 1,476,500. Kuponi ya mwaka wa mwisho, zile 797,500, itakuwa na nguvu ya 235,500 za leo. Ukitaka mtaji wako ubaki na nguvu ileile, mwaka wa kwanza inabidi urudishe asilimia 5 ya milioni tano, yaani 250,000, kwenye akiba. Unaloweza kula bila kujipunguzia ni 547,500. Familia inayokula kuponi yote kila mwaka haipati hasara kwenye karatasi, ila inazeeka pamoja na hati yake.

Upande wa pili wa meza yupo mlipakodi, ambaye ni huyuhuyu mwekezaji. Kila shilingi bilioni 100 ambazo Serikali inakopa kwa asilimia 15.95 badala ya 12.56 zinaigharimu bilioni 3.39 zaidi kwa mwaka, na bilioni 84.75 kwa miaka 25. Watu wa delta wana sababu ya kujali matumizi makubwa ya umma. Juu ya mto wao limejengwa bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, kwa gharama ya takriban shilingi trilioni 6.55 kutoka fedha za ndani. Kodi na mikopo huingia katika mfuko mmoja, kwa hiyo huwezi kusema hati gani ilijenga ukuta gani. Lakini riba ya juu inayomfurahisha mwenye hati ndiyo inayobana fedha ya zahanati na gati.

Usichanganye pia hati za Serikali na hati nyingine zinazotangazwa kwa jina la miundombinu. Hatifungani ya Samia, iliyouzwa na Benki ya CRDB kuanzia Novemba 2024 kwa asilimia 12, miaka mitano na malipo kila robo mwaka, ilikusanya takriban bilioni 323 wakati lengo lilikuwa 150. Anayekulipa huko ni benki. Ile ya Tanga UWASA ya mwaka 2024, ya asilimia 13.5 kwa miaka kumi, inalipwa na mamlaka ya maji. Zote zinaweza kuwa nzuri, ila kila mkopaji ana uwezo wake wa kulipa.

Na Serikali yenyewe? Kwa shilingi inaweza kulipa karibu wakati wote, kwa sababu ina kodi na ina Benki Kuu. Karibu si sawa na kila. Desemba 2022 Serikali ya Ghana iliwataka wenye hatifungani zake za ndani wazibadilishe kwa mpya zenye kuponi ndogo na muda mrefu zaidi. Februari 2023 wastaafu walikwenda kuketi mbele ya Wizara ya Fedha mjini Accra kudai fedha zao, na mwishowe wakasamehewa mabadilishano hayo. Tanzania haiko katika hali ya Ghana ya 2022. Hata hivyo, fedha ya maisha yote isiwekwe kwa mkopaji mmoja, hata akiwa Serikali, na mstaafu wa Kibiti ambaye pensheni yake tayari inatoka kwenye mfuko uliojaa hatifungani hizohizo ana sababu zaidi ya kubakiza sehemu kwenye mpunga, chombo au nyumba.

Kabla ya kununua, angalia tarehe za kuponi. Hati iliyotolewa Aprili hulipa Oktoba na Aprili; iliyotolewa Julai hulipa Januari na Julai. Mkulima wa korosho wa Kibiti huwa na fedha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na hukaukiwa wakati wa masika. Kwake kuponi ya Oktoba inaingia wakati haihitaji na inaweza kwenda moja kwa moja kwenye akiba ya hati nyingine, na ya Aprili inafika maji yakiwa juu, boti zikisafiri kwa shida na ghala likiwa limeisha. Mwenye subira anaweza kumwambia dalali amtafutie sokoni hati zenye miezi hiyo, akilinganisha bei ya kila moja kwa faida kamili hadi kuiva, na kumtaka amwandikie kiasi cha mwisho kwa shilingi, ada na kuponi iliyoanza kukomaa zikiwa zimeshajumlishwa humo.